Uzi: Programu ya kupanga kazi kwa mtu mwenye ADHD ibuniwe kuanzia siku anayorudi, si siku anayoanza

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiunda, jioni baada ya kazi ya mshahara, programu ndogo ya simu ya kupanga shughuli kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, na alipofikisha miaka 27 daktari wa afya ya akili alimthibitishia kwamba ana ADHD, yaani ile hali ya upungufu wa umakini na kutotulia ambayo wengi wetu tulidhani ni ya watoto wa shule peke yao. Nimeona nieleze hapa nilipokosea, kwa kuwa humu wamo wanaoandika programu, wamo wazazi, na wamo wenye hali hiyo wenyewe, nao ndio ninaotaka wanikosoe zaidi.

Toleo la kwanza lilikuwa zuri kwa macho yangu. Lilikuwa na makundi ya rangi, vipaumbele vya ngazi nne, kalenda, na michoro ya kuonyesha wiki imekwendaje. Mdogo wangu alilitumia siku sita kwa furaha kubwa, akaingiza kila kitu hadi idadi ya vifungo vya shati la mteja. Siku ya saba tukapata msiba Morogoro, na tangu hapo hakulifungua kwa siku 11. Siku aliyolifungua tena nilikuwa nimekaa naye kibandani kwake, na skrini ikamwonyesha duara jekundu lenye namba 47 na chini yake neno "zimechelewa". Aliitazama kwa sekunde mbili hivi, akailaza simu kifudifudi juu ya meza ya kukatia, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Jioni ile ile aliifuta.

Nilichokuwa nimejenga ni stoo, na stoo haimkumbushi mtu kitu. Humsubiri aje na ufunguo. Sisi tunaounda programu hizi humfikiria mtumiaji wa siku ya kwanza, mwenye ari na muda wa kupanga rangi, ilhali mtu mwenye ADHD ataiacha programu yako, tena si mara moja, na kila atakaporudi, kubaki au kufuta kutaamuliwa na sekunde chache za skrini ya kwanza. Hoja yangu katika uzi huu ni hiyo moja: tubuni kwanza siku ya kurudi, na mambo mengine yote yaifuate.

Mleta uzi

Naendelea. Kabla sijaeleza skrini yenyewe inabidi tuelewane kuhusu hali hii, maana ukiikosea hapa utakosea kila kitufe.

Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, toleo lake la tano la mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12 na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini. Kwa hiyo programu ya simu haina mamlaka ya kumpima mtu kwa maswali kumi na kumwambia ana ADHD, na nimeyaondoa maswali ya namna hiyo ambayo nilikuwa nimeyaweka kwa ujinga wangu. Kinachonihusu mimi ni yale yanayotokea kati ya kujua na kutenda. Mwanasaikolojia Russell Barkley, ambaye ameichunguza hali hii kwa miongo mingi, husisitiza kwamba shida haiko katika kutojua la kufanya bali katika kulifanya lile unalolijua, na kwamba msaada wenye maana ni ule unaowekwa pale pale, na wakati ule ule, kitendo kinapotakiwa.

Kwa mdogo wangu wakati una vyumba viwili tu: sasa, na siyo sasa. Gauni la harusi ya Jumamosi ya wiki ijayo linakaa katika chumba cha "siyo sasa" pamoja na uzee na kiyama, mpaka Ijumaa usiku linapohamia ghafla katika "sasa" na nyumba nzima inakesha. Linganisheni na LUKU. Sijawahi kumwona mtu akisahau kununua umeme baada ya taa kuzimika, kwa sababu giza lenyewe ndiyo arifa: limefika mahali penyewe, wakati wenyewe, na dawa yake ni dakika mbili kwenye simu. Taa ya mita inayoonya kwamba yuniti zinakaribia kuisha, hiyo tunaizoea na kuipita kama picha ya ukutani. Programu nyingi za kazi ni taa ya mita.

Mama yetu, ambaye hajawahi kulisikia neno ADHD, hufunga fundo kwenye pindo la kanga anapotaka kukumbuka jambo sokoni. Fundo halimwelezi jambo lenyewe, lakini vidole vyake hulikuta anapofungua pindo kutoa hela, yaani hasa pale anapotakiwa kununua. Nilipoliona hilo kwa jicho la mbunifu nilijiona nimepoteza miezi mitatu kwenye rangi.

Kuna kazi ya Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliyeandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na mwaka 2008 yeye na Caterina Gawrilow walionyesha kwamba mipango ya namna hiyo iliwasaidia watoto wenye ADHD kujizuia katika jaribio la kuitikia alama na kuacha kuitikia. Niliichukua kama ilivyo. Katika toleo la pili kazi haining'inizwi kwenye saa pekee. Inaweza kuning'inizwa kwenye tukio, kama "nikishuka kwenye daladala" au "nikichomeka simu kibandani". Hili la pili ndilo linalofanya kazi kuliko yote, kwa sababu mdogo wangu huchomeka simu chaji kila asubuhi akifungua kibanda, bila kufikiri, na simu huitambua chaji yenyewe. Ndilo fundo lake la kanga.

Mleta uzi

Sasa skrini ya kurudi. Mtumiaji akikaa siku tatu bila kufungua programu, zile zilizopita tarehe zote huhamia mahali nilipopaita Kabatini. Hazifutwi wala hazihesabiwi mbele yake, na hakuna rangi nyekundu popote. Anachokiona ni maneno mawili ya kumkaribisha na kazi moja tu, iliyochaguliwa kwa kuangalia kama kuna mteja anayesubiri na kama hatua yake ya kwanza ni fupi. Ninaposema hatua ya kwanza namaanisha jambo ambalo mkono unaweza kulifanya. "Shona suruali ya mzee wa mtaa wa pili" si hatua, ni mradi. "Toa kitambaa cha kaki kwenye mfuko, ukitandaze mezani" ni hatua. Kitambaa kikishatandazwa mezani, mkasi huwa karibu, na mara nyingi mtu huendelea mwenyewe. Asipoendelea pia programu hainuni.

Nimeondoa hesabu ya siku mfululizo, ile inayokupongeza kwa siku 20 bila kukosa na kukurudisha sifuri ukikosa moja. Kwa mtu ambaye kukosa ni sehemu ya hali yake, hiyo ni mashine ya kumwaibisha kwa ratiba. Hata zawadi za nyota na vikombe nimezipunguza. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto waliokuwa wakipenda kuchora, na baadaye watoto hao wakachora kwa hiari yao kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Sisemi zawadi hazina kazi kwa mwenye ADHD, maana malipo ya haraka humsukuma kweli. Nasema yawe madogo, yaje papo hapo, na yasiwe deni. Kwetu ni sauti ya mkasi ukikata kitambaa. Anaipenda sana, na wakati mwingine hubonyeza "tayari" mara mbili ili aisikie tena.

Kuhusu makadirio ya muda, nimeamua programu isimwamini mtumiaji, wala isimwamini mtu yeyote. Wanasaikolojia Buehler, Griffin na Ross waliripoti mwaka 1994 kwamba wanafunzi wa chuo waliokadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9 walitumia siku 55.5, nao hawakuteuliwa kwa kuwa na ADHD. Basi mdogo wangu akisema kola itachukua dakika 15, programu hunakili jibu lake, huhesabu muda halisi kimyakimya, na mara ya nne humwambia: "Kola tatu zilizopita zilichukua dakika 40 kila moja." Muda wenyewe unaonekana kama duara linalopungua, wazo ambalo si langu, Jan Rogers wa Cincinnati, Marekani, alibuni saa ya namna hiyo yenye duara jekundu kwa ajili ya binti yake mdogo, aliyekuwa akiuliza kila mara umebaki muda gani. Namba 00:25:00 haina ukubwa machoni. Kipande cha duara kinao.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na ninakupongeza kwa kumjali ndugu yako. Hata hivyo niruhusu niseme lile ambalo wengine wanalificha. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na watoto wa namna hii tulikuwa nao; tuliwaita watundu au wavivu, tukawanyoosha, na wengine leo ni watu wazima wenye familia. Huoni kwamba kumtengenezea mtu mzima programu inayomkaribisha kwa maneno matamu baada ya kutoroka kazi siku 11 ni kumlea uvivu?

Mleta uzi

Shikamoo Mwalimu. Nashukuru umelisema wazi, kwa kuwa ni swali ambalo hata baba yetu aliniuliza.

Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti wa nchi nyingi, chini ya shirikisho la dunia la ADHD, lilichapisha tamko lenye hitimisho 208 zilizosimama juu ya ushahidi wa kitafiti, na miongoni mwake ni kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zilizokusanywa na watafiti Faraone na Larsson ziliweka mchango wa kurithi karibu na asilimia 74. Lakini sitaki kukushinda kwa namba, kwa sababu naamini uliwaona wewe mwenyewe. Nina hakika ulikuwa na mtoto ambaye hakuweza kumaliza hesabu tano, na ambaye jioni ungemkuta ameketi juani akitengeneza gari la waya tangu mchana bila kula wala kuinua kichwa. Mvivu hafanyi hivyo. Mdogo wangu ameshona saa sita mfululizo kwa gauni lililomvutia, na amekaa siku nne akilipita pindo la suruali ambalo lingemchukua dakika kumi.

Kuhusu maneno matamu, sina hakika ni matamu. Programu haimwambii amefanya vyema kuondoka. Haimsomei orodha ya makosa mlangoni, basi, kwa sababu nilishaona kwa macho yangu orodha hiyo ilimfanya nini: ilimwondoa tena.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Gari la waya nimelikumbuka, na jina la mtoto pia. Endelea.

Mama Pacha, Mombasa

Hujambo ndugu yangu. Mimi nina binti wa miaka 19 mwenye hali hii, na kila programu tuliyoijaribu imetuvuruga kwenye saa. Akisikia mhadhara ni saa tatu, anaandika 3, simu inalia saa tisa mchana, mhadhara umeshapita zamani. Akijaribu kugeuza kichwani, anakosea. Je, yako inaelewa saa zetu?

Mleta uzi

Dada, umegusa jambo ambalo lilinichukua wiki tano, na ambalo wabunifu wa nje hawawezi kulifikiria kwa sababu kwao halipo. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, na kila mara tunapoandika muda tunafanya hesabu ya kuongeza au kutoa sita. Kwa mtu wa kawaida ni usumbufu mdogo. Kwa mtu ambaye uwezo wake wa kushikilia vitu viwili akilini kwa wakati mmoja ndio hasa uliopungua, ni mahali pa kudondoshea kazi nzima.

Katika toleo la sasa mtumiaji huandika au husema "saa tatu asubuhi", na programu huelewa kuwa ni 9:00. Akiandika "saa tatu" bila neno la kufuatia, haibahatishi. Huonyesha picha mbili, jua likipanda upande wa mashariki na mwezi juu ya paa, naye hugusa moja. Akiandika kwa namba kama 9:00, humuuliza mara moja tu katika maisha yake kama yeye huandika kwa saa ya simu, kisha hukumbuka. Wasiotumia saa ya Kiswahili wanaweza kuizima.

Lipo lingine linalofanana na hilo. Simu hubadilisha siku saa sita usiku, lakini mtu anayekesha na gauni hajabadilisha siku. Kwake bado ni ile ile. Saa saba usiku programu ilikuwa ikimwambia kazi ya "leo" imekuwa ya "jana", yaani imechelewa, wakati sindano iko mkononi. Sasa siku inageuka saa kumi alfajiri. Na ukiandika "usiku wa Ijumaa" inakuuliza unamaanisha upi, kwa sababu wazee wetu wa pwani wakisema hivyo wanakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, na vijana wengi wanakusudia ule unaoufuata mchana wake. Kwa hilo la pili sina ufumbuzi mzuri zaidi ya kuuliza.

Mpiga Msimbo

Mkuu, wazo zuri, ila utakwama kwenye kengele. Simu nyingi za bei nafuu zinaua programu za nyuma ili kuokoa chaji, na Android yenyewe imekaza. Kikumbusho kikichelewa dakika 40 mtumiaji wako ameshaondoka. Umelitatuaje?

Mleta uzi

Nimelitatua nusu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyolala huahirisha kazi za nyuma. Android 12 ikaleta ruhusa maalumu ya kengele za dakika kamili, Android 13 ikataka mtumiaji akubali arifa kwanza, na Android 14 ikaifanya ile ruhusa ya kengele iwe imezimwa tangu mwanzo kwa programu nyingi zinazowekwa upya. Kosa langu la awali lilikuwa kuomba ruhusa zote mlangoni, skrini tatu mfululizo, na mdogo wangu alibonyeza "kataa" kwenye zote kwa kuwa alikuwa na haraka ya kuona kilichomo. Sasa naomba kila moja pale inapohitajika: anapoweka kengele ya kwanza ndipo ninapomweleza kwa sentensi moja kwa nini. Kengele zote hupangwa upya simu inapowashwa, maana ikizimwa husahaulika. Kwa simu zenye ukali wa ziada wa kuokoa chaji nimeweka picha za kumwongoza kwenye mipangilio, lakini zinatofautiana mno, na hapo ndipo nusu iliyobaki.

Hiyo pia ni sababu nyingine ya kupenda matukio kuliko saa. Chaji ikichomekwa simu imeshaamka, na mtu yuko mbele yake.

Kwa kuwa mtu ataniuliza: kila kitu kinabaki kwenye simu yenyewe, hakuna seva. Nimefanya hivyo kwanza kwa ajili ya bando, na pili kwa sababu orodha ya mtu mwenye ADHD ina saa za dawa na tarehe za kliniki, ambazo ni taarifa za afya, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 kwetu Tanzania inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Kwenye skrini iliyofungwa arifa husema tu "kuna jambo", kwani simu ya fundi hukaa mezani mbele ya wateja.

Mama Pacha, Mombasa

Ahsante kwa jibu la saa, nimemsomea binti yangu akacheka sana pale pa mwezi juu ya paa. Ana swali lake: vitu vilivyoko Kabatini vinaishia wapi? Anasema kwake kabati likijaa huwa halifunguki tena.

Mleta uzi

Mwambie ameuliza vizuri kuliko sisi sote, kwa maana kabati lisilofunguliwa ni ile ile 47 nyekundu iliyofichwa nyuma ya pazia. Kila Jumapili programu hutoa kazi moja tu kutoka Kabatini na kuuliza: "Hii bado ni yako?" Majibu ni matatu: bado, si yangu tena, au nimpe mtu. Ikijibiwa "bado" mara tatu bila kuguswa, hatua yake ya kwanza hupunguzwa, na programu humwomba mtumiaji aseme ni nini kinachomkwaza. Mara nyingi si kazi yenyewe, ni kitu kidogo kabla yake. Kanzu moja ilikaa wiki saba kwa sababu ya zipu ya sentimita 20 iliyohitaji safari ya Kariakoo.

Tulipozipitia zile 47 pamoja, mimi nikisoma na yeye akipiga pasi, 31 hazikuwa zake tena. Wateja walishachukua nguo zao, au alikuwa ameandika kwa jazba ya siku moja, kama "kujifunza Kichina". Zilibaki 16. Mbili alizimaliza pale pale kwa kupiga simu.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kuingiza kazi kwa sauti, ambako ndiko anakokupenda kwa kuwa mikono yake ina kazi. Cherehani ikizunguka simu husikia inavyotaka, na Jumanne ilimwandikia "kula shati la mchungaji" badala ya "kola". Mwenye uzoefu wa kuchuja kelele za mashine kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, bila kutuma sauti mtandaoni, naomba aniandikie hapa hapa.